Mjadala: Sare ya kupigania na sare ya kupatana, je, adhabu iwe moja?

Mwanzilishi wa mada

Watu wa ubao wa sataranji, hamjambo. Norway Chess, yale mashindano ya wakubwa kule Norway, inakaribia, na pale tunapochezea Kampala ugomvi ni mmoja tu: sheria yao ya sare. Kwa asiyefuatilia, ukishinda mchezo mrefu unapewa pointi 3. Mkitoka sare, hamwendi kulala. Kete zinapangwa upya, mwenye nyeupe anapewa dakika 10, mwenye nyeusi 7, na ikitoka sare tena mwenye nyeusi ndiye anahesabiwa mshindi. Wanaiita Armageddon. Anayeshinda hapo anapata moja na nusu, mwenzake moja.

Hayo ni ya wakubwa na pesa zao. Kinachoniwasha ni kwamba waandaaji wetu wa mashindano ya wikiendi wanataka kuiga. Mimi napinga.

Mwaka jana, Jinja, nilikutana na mtu mwenye cheo chake. Saa ya nne ya mchezo alikuwa na mfalme, askofu, na askari mmoja wa pembeni kabisa. Mimi nina mfalme peke yake. Ila askofu wake alikuwa wa miraba myeusi, nyeupe haikanyagi kamwe, na kona ambayo askari alikuwa anaielekea ili ageuke malkia ni nyeupe. Nikakimbiza mfalme mpaka konani nikakaa. Akanizunguka hatua thelathini na kitu, anapumua kwa nguvu, mimi nahama mraba mmoja, narudi. Hakuna wa kunitoa. Mwishowe akanyoosha mkono, sare. Kwetu ushindi ni pointi moja, sare nusu; nusu ile niliila kama pilau ya Idi. Leo mtu aniambie panga tena kete, tucheze dakika kumi? Kwa kosa gani?

Boda wa Busia

Kaka, hiyo sare yako hakuna anayeigombea. Tunasema zile nyingine. London 2018, Carlsen na Caruana walicheza michezo 12 ya ubingwa wa dunia, yote 12 sare, ikabidi waamuliwe kwa michezo ya haraka. Karpov na Kasparov walianza 1984 mpaka Februari 1985: michezo 48, sare 40, ikasimamishwa bila mshindi. Nani atalipa kiingilio kutazama hayo? Mpira uliliona hili zamani. Uingereza walianza pointi tatu kwa ushindi mwaka 1981, Kombe la Dunia likafuata 1994. Na hata hapa kwetu, raundi ya mwisho, meza ya kwanza, hatua nane, wanapeana mikono ya sare, hao wanaenda kula rolex, chapati ya mayai, huku zawadi imeshagawanywa. Sisi wa meza ya kumi bado tunatoka jasho.

Mwalimu, Mbale

Boda, hapo kwenye rolex uko sahihi, ila dawa yako ina sumu. Piga hesabu. Marafiki wawili wanakutana mara mbili, ushindi unalipa pointi 3 kama kwenye mpira, na sare inalipa pointi 1. Wakitoka sare zote, kila mmoja ana 2. Wakikubaliana leo nishinde mimi, kesho ushinde wewe, kila mmoja ana 3! Umewapa sababu ya kuuziana michezo, na mchezo uliouzwa ni mgumu kuushika kuliko sare ya hatua nane.

Ujanja wenyewe si wa leo. Curaçao 1962, mashindano ya kumtafuta wa kupambana na bingwa wa dunia, Wasovieti Petrosian, Keres na Geller walicheza wao kwa wao michezo 12, yote sare, wakihifadhi nguvu za kuwamaliza wengine. Mmarekani Fischer alipiga kelele, na FIDE, shirikisho la sataranji la dunia, ikabadilisha mfumo ukawa wa mechi za mtoano. Hawakugusa pointi.

Afande mstaafu

Mashindano ya Sofia, 2005: wachezaji walikatazwa kuombana sare mezani. Anayedhani mchezo umekwisha anamwita mwamuzi. Hiyo inatosha, vijana.

Boda wa Busia

Shikamoo Afande. Lakini watarudiarudia hatua mpaka mwamuzi achoke.

Afande mstaafu

Marahaba. Samarkand, 2023, ubingwa wa dunia wa michezo ya dakika chache, Dubov na Nepomniachtchi walichezesha farasi wao kama wako harusini, kisha sare. Mwamuzi akawapa sifuri wote wawili. Jicho la mwamuzi, basi.

Mwanzilishi wa mada

Banange, Afande amenipunguzia maneno. Boda, nakubali kuhusu meza ya kwanza, hata mimi wananiudhi. Lakini angalia mchezo uliozungumzwa kuliko yote kwenye hiyo hiyo Norway Chess, Stavanger 2025: Gukesh akimpiga Carlsen, na Carlsen akaigonga meza kwa ngumi. Ulikuwa mchezo mrefu, si Armageddon. Gukesh alikuwa amezidiwa kwa muda mrefu, akang'ang'ania tu, mpaka mwenzake akakosea saa ikimkimbiza. Anayejua kung'ang'ania ndiye anayetuletea mambo kama hayo, na nyinyi mnataka kumkata.

Tena, ukumbi tunakodi kwa saa. Armageddon kwenye meza ishirini, nani atalipia? Na mimi nitapataje taksi ya mwisho?

Pendekezo langu: kuombana sare marufuku, mwamuzi awe na ruhusa ya kuandika sifuri mbili, pointi zibaki kama zilivyo.

Boda wa Busia

Sifuri mbili nazipenda. Hapo kwenye pointi bado sijakubali. Njoo Jumamosi, na hiyo kona yako nyeupe nitakuja na askofu anayeifikia.