Tupeane uzoefu: jina la chuo lilikusaidia kuingia Big 4, benki kubwa au kampuni za ushauri?

Leja Kuu:
Wakuu, habari za majukumu.

Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yakitoka, magrupu ya familia yanawaka kwa swali lilelile: mtoto aende UDSM Business School, Mzumbe au IFM? Wenye uwezo wanaongeza Strathmore ya Nairobi. Na hoja ya kila mtu ni ajira: "Ukitoka pale unachukuliwa moja kwa moja na PwC au Deloitte." Mimi nawatafuta hao waliochukuliwa moja kwa moja, watusimulie.

Nianze mwenyewe. Nimesoma uhasibu IFM (Chuo cha Usimamizi wa Fedha), nafanya ukaguzi wa hesabu katika mojawapo ya zile nne kubwa, Big 4, yaani PwC, Deloitte, EY na KPMG, hapa Dar, na siku hizi naitwa kusaidia kuchambua maombi ya wanaoanza. HR anachuja kwanza kwa GPA, wastani wa alama za chuo. Asiyefika 3.5, yaani Upper Second, CV yake haifunguliwi hata kama katoka Mlimani, yaani UDSM, na picha ya Nkrumah Hall nyuma yake. Wanaobaki wanapewa mtihani wa kompyuta: majedwali, asilimia, mantiki, na saa inakimbia. Mtihani ule haujui ulisoma wapi.

Jina la chuo linarudi mwishoni kabisa. Wamebaki vijana wawili wanaolingana kila kitu, meneja anayewasaili kasoma Mlimani, mmoja wao wa Mlimani. Utasikia, "Huyu wa kwetu, nawajua walimu wake." Basi imeisha hiyo. Kwa nilivyoona mimi, jina linaamua sare. Kukufikisha kwenye sare ni kazi yako.

Utaratibu wa uzi: sema ulisoma wapi na nini hasa kilikuingiza. Mwenye malalamiko asitaje kampuni. Na watu wa "connection tu" mje na maelezo.

Binti wa Changarawe:
Mzumbe, BAF, digrii ya uhasibu na fedha. Nilipomaliza niliomba zile nne zote, kimya. GPA ninayo, kwa hiyo mkuu Leja Kuu mchujo wako una matundu.

Kilichoniingiza ni fildi, yale mazoezi ya kazi ya wanachuo. Wenzangu walikuwa wanagombania benki zenye kiyoyozi, mimi nikaenda kwa mkaguzi mmoja mdogo Kariakoo, ofisi ya vyumba viwili juu ya duka la vitenge. Hapo nilifanya kila kitu, na nilipomaliza chuo akanirudisha kwa posho. Tarehe 31 Desemba, watu wako kwenye mkesha, mimi niko ghala la unga Barabara ya Nyerere nahesabu stoo.

Miaka miwili baadaye nikaitwa kwenye usaili wa kampuni kubwa. Wanaajiri wenye uzoefu kidogo karibu na Januari, kwa sababu wateja wengi wanafunga mwaka Desemba na mikono haitoshi. Partner mmoja, yaani mbia wa kampuni, akaniuliza: "Magunia yamepangwa mpaka juu karibu na bati, huwezi kupanda. Utahesabuje?" Nikamwambia nahesabu urefu, upana na kwenda juu, nazidisha, halafu nachagua sehemu tatu nne naomba wapagazi watoe magunia ya mbele mpaka nione katikati. Kuna watu wanapanga ukuta wa magunia pembeni na ndani uwazi mtupu, ghala la hewa. Nililiona kwa macho yangu. Yule mama akaweka kalamu chini, akaanza kunisimulia la kwake la kahawa huko Moshi. Mzumbe haikutajwa usaili mzima.

Nisidanganye lakini, wenzetu wa Dar wana kitu kimoja sisi hatuna. Maonyesho ya ajira yakifanyika Posta, katikati ya Dar, wao wanapanda daladala. Sisi ni nauli ya basi kutoka Morogoro na pa kulala.

Mzee wa Vijiwe:
Connection. Nimemaliza.

Leja Kuu:
Mkuu, nilisema maelezo.

Mzee wa Vijiwe:
Haya. Nimesoma UDBS, hiyo UDSM Business School, naweza kukiri GPA yangu ilikuwa ya kuombea dua. Benki niliyopo, tangazo sikuliona gazetini wala mtandaoni. Niliona kwenye grupu la WhatsApp la darasa letu: jamaa tuliyekuwa tunashea naye chumba hosteli ya Mabibo kaandika "kitengo chetu cha mikopo kinataka watatu, leteni CV leo kabla ya saa kumi". Sina mjomba waziri. Nina darasa la watu mia na zaidi waliotapakaa kila benki mjini. Hapo ndipo chuo kilinilipa. Walimu sitawasemea, vipindi vya saa moja asubuhi nilikuwa siingii.

Mkaazi wa Rongai:
Hamjambo majirani. Mimi Mkenya, huwa nasoma tu hapa bila kuchangia, lakini hii imenigusa.

Ukaguzi huku kwetu hauko mbali na wenu. Ukiwa na Second Upper na karatasi za KASNEB, bodi yetu ya mitihani ya uhasibu, unaweza kutoka chuo chochote, ingawa watu wa Strathmore huanza mbele kwa sababu wengi husoma CPA, cheti cha taaluma ya uhasibu, sambamba na digrii. Konsaltansi, hizo kampuni za ushauri, ndiyo mambo mengine kabisa. McKinsey, BCG na Dalberg wote wana ofisi Nairobi, nafasi ni chache mno, na unashindana na Waafrika waliosoma Marekani na Uingereza wanaotaka kurudi nyumbani.

Mimi nilisoma actuarial science (hesabu za bima) Chuo Kikuu cha Nairobi, First Class, nikatarmaki, yaani kutafuta kazi, karibu mwaka. Mara ya kwanza kuitwa usaili wa kesi nilidhani ni maswali ya hesabu tu. Yule bwana akaniambia: "Kadiria mapato ya matatu moja ya Rongai kwa mwaka." Nikaanza kutafuta jibu kichwani! Kumbe hataki jibu, anataka kuona unavyoligawanya swali. Viti 33, trip za asubuhi zinajaa kwenda mjini na kurudi nusu tupu, nauli inapanda mvua ikinyesha, Jumapili punguza, siku za gereji ondoa. Mimi hiyo gari napanda kila siku, lakini kijana aliyekaa nami pale mapokezi, aliyesoma Boston, alikuwa amefanya kesi za mazoezi na wenzake muhula mzima. Chuo chao kina klabu ya hiyo kitu tu.

Hapo ndipo nilielewa jina la chuo linabeba nini. Hakuwa na akili kunishinda. Alikuwa ameshauona mtihani. Nilitafuta watu watatu LinkedIn, tukawa tunasailiana kwa simu usiku, na nilipoitwa na kampuni nyingine ya ushauri, ndogo kidogo, nikapita.

Kitu kingine: ukishaingia hadithi ya jina haiishi. Baada ya miaka miwili mitatu wengi huenda MBA Harvard, INSEAD au London Business School na kurudi ngazi ya juu. Kwa hiyo uliyemkwepa mlangoni unamkuta kwenye ngazi.

Mpemba wa Leeds:
Nawaletea ya Uingereza. Kwa maandishi wenyewe wanasema jina halina kazi. Deloitte ya hapa ilitangaza 2015 kwamba wasaili wasioneshwe jina la chuo cha mwombaji. EY mwaka huohuo wakaondoa sharti la daraja la digrii, PwC wakafuata 2022 kwa kuondoa lile la Upper Second.

Sawa. Lakini tizameni serikali yao. Mwaka huohuo wa 2022 walianzisha viza ya "wenye uwezo mkubwa": ukiwa umehitimu karibuni chuo kilichomo kwenye orodha yao unakuja miaka miwili bila kuwa na mwajiri. Orodha ilipotoka haikuwa na chuo hata kimoja cha Afrika. Si Makerere, si Nairobi, si Mlimani, hata Cape Town hamna. Mimi nilipita njia ndefu, masters ya hapa kwa mkopo wa ukoo mzima, na kila usaili swali la kwanza lilikuwa kama nitahitaji kudhaminiwa viza. Chuo hawakuniuliza.

Diploma Kwanza:
TIA (Taasisi ya Uhasibu Tanzania), diploma, kisha digrii, kisha CPA nikiwa kazini. Sikuwahi kuingia Big 4 na sijutii. Niko serikalini kupitia Utumishi, sekretarieti ya ajira ya serikali. Kule kwanza ni usaili wa mchujo, umeandika umepata ngapi, basi. Nilikaa meza moja na watu wa vyuo vyote mnavyovitaja na wengine waliishia kwenye mchujo.

Baba Wawili:
Ndugu zangu nashukuru. Binti yangu kapata UDBS na pia IAA, Chuo cha Uhasibu Arusha. Sisi tunaishi Arusha, akisoma hapa anakula nyumbani. Ndoto yake ni ukaguzi. Mngekuwa nyie?

Binti wa Changarawe:
Shikamoo baba. Kama hela ya hosteli na matumizi ya Dar inauma, abaki Arusha, ila ile hela usiile yote. Mwekee ada ya mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu, ile ya CPA. Mitihani ni Mei na Novemba, na akiwa na digrii ya uhasibu anaanzia Intermediate, ngazi ya kati. Ajisajili tu akimaliza, asikae nyumbani akisubiri ajira ndipo aanze. Na likizo zote fildi, hata kwa mkaguzi mdogo wa hapo mjini, hata bila posho. Arusha ina mahoteli na kampuni za utalii kibao zinazokaguliwa.

Mzee wa Vijiwe:
Mimi ningempeleka Mlimani. WhatsApp ya Arusha haina watu wa Posta.

Leja Kuu:
Haya mmeanza. Wa hazina za benki na madalali wa soko la hisa mbona hamjasema kitu? Karibuni.