Mwambao wa Tanganyika: zahanati kila kijiji, au boti na watumishi kwanza?

Mwanamwambao (mleta mada)
Wakuu, habari za jioni. Naleta hoja, ishambulieni hoja, mimi mniache.

Tangu MMAM, ule Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, ianze mwaka 2007 tunaimba zahanati kila kijiji, kituo cha afya kila kata. Huku Uvinza, mkoani Kigoma, Ilagala kushuka Sigunga, Buhingu hadi Kalya, mwananchi kachangishwa, kasomba mawe na mchanga, boma limefika lenta, kisha linangoja bati hadi majani yanaota ndani. Likiezekwa analetwa nesi mmoja, hana nyumba, kapanga chumba kwa mwenyekiti. Siku akienda wilayani kufuata dawa, ni kufuli mlangoni.

Nasema hivi: tusimamishe maboma mapya. Fedha iende kwenye nyumba za watumishi, boti ya wagonjwa yenye injini ya maana, na vituo vichache vyenye chumba cha upasuaji na damu. Mama anayevuja damu baada ya kujifungua anaweza kufa ndani ya saa mbili, na zahanati haipasui wala haiongezi mtu damu. Kigoma tuna ushahidi wetu. Kuanzia 2006, mradi uliofadhiliwa na Bloomberg Philanthropies uliwafundisha madaktari wasaidizi upasuaji wa uzazi, na wauguzi wakafundishwa kutoa usingizi, kwenye vituo vya afya vijijini. Hakuna aliyesubiri bingwa ashuke kutoka Dar.

Nesi wa Kata
Mleta mada, hizo saa mbili ndizo zinazokufunga. Kutoka Kalya kuna boti gani itakayomfikisha mtu mezani kwa saa mbili? Anayemshikilia asife njiani ni nesi wa zahanati: sindano ya oksitosini ya kuzuia damu mtoto anapotoka, na dozi ya kwanza ya magnesiamu salfeti kwa mwenye kifafa cha mimba kabla hajapakiwa. Ukiifuta zahanati, hiyo boti yako itabeba maiti.

Halafu umesema uzazi tu. Utafiti wa malaria wa 2017 uliikuta Kigoma ikiongoza nchi nzima, takriban mtoto mmoja kati ya wanne wenye umri chini ya miaka 5 alikuwa na vimelea. Mtoto wa homa anataka kipimo, dawa mseto na mtu wa kumtazama usiku huo huo. Hahitaji chumba cha upasuaji. Na chanjo je? Jokofu utaliweka kwenye boti?

Mwanamwambao
Sijasema zifutwe, dada. Zilizopo zikamilike, ziwe na watu wawili au watatu na mahali pa kulala. Kinachonikera ni kuhesabu majengo kwenye hotuba.

Mzee wa Ujiji
Wanangu, mnaongea kama ziwa ni barabara ya lami. Mei hadi Septemba ule upepo wa kusini ukishika kasi, hata wavuvi wazoefu wanavuta mitumbwi mchangani. Mtamtoa nani usiku na mama mwenye uchungu? Na baadhi ya vijiji vya kando ya milima ya Mahale havina barabara, ni ziwa au miguu. Kwa watu wale, cha karibu ndicho hospitali yao.

Kasulu Juu
Mbona hamtaji 115? Unapiga bure, m-mama, ule mfumo wa usafiri wa dharura wa wajawazito, wanakutafutia gari la wagonjwa, na lisipokuwepo wanamtuma dereva wa jamii, analipwa kwa simu akishamfikisha mama. Tatizo la rufaa limepata dawa.

Mzee wa Ujiji
Kwenu milimani, sawa. Huku kuna mahali unapanda mwamba kutafuta mtandao.

Wa Kaliua
Salamu toka Tabora. Sisi hatuna ziwa ila masika mbuga zinajaa, pikipiki inazama mpaka injini. Pendekezo langu: nyumba za kusubiria karibu na kituo cha afya, mama ahamie wiki mbili tatu kabla. Hakuna upepo wala tope la kumkuta na uchungu njiani.

Nesi wa Kata
Kaka, wazo zuri kwenye karatasi. Huyo mama ana watoto wanne nyumbani na kwako ni msimu wa tumbaku. Nani anapika? Na huko anakosubiri anakula nini? Nyumba bila jiko na bila chakula wanaikimbia. Na wengi wanaogopa kwa sababu miaka yote tunaambiwa kujifungua ni bure, ila bado unaagizwa uje na glavu na nyuzi zako.

Tena Mwanamwambao, swali la petroli umelikwepa. Boti ya kununuliwa na mfadhili tunaipata. Dumu la mafuta la kila wiki, na mshahara wa nahodha, nani analipa?

Mwanamwambao
Halmashauri. Inakusanya ushuru wa dagaa na migebuka kwenye mialo yote hii. Itengwe sehemu iliyoandikwa kabisa kwenye bajeti, ya boti tu, na hesabu ibandikwe ubaoni pale mwaloni. Mvuvi akijua ushuru wake ndio utakaombeba mkewe, atalipa bila kufukuzana na mkusanyaji.

Mzee wa Ujiji
Umesahau 2024? Ziwa lilifungwa uvuvi, 15 Mei hadi 15 Agosti. Miezi mitatu, hakuna samaki, hakuna ushuru. Na ndiyo miezi ya upepo niliyokwambia, boti inayotaka injini kubwa na mafuta mengi zaidi. Mpango wako unakauka wakati ule ule unaohitajika.

Mwanamwambao
Basi petroli ya miezi hiyo inunuliwe kabla ziwa halijafungwa, iwekwe stoo kwenye kituo cha afya.

Nesi wa Kata
Na ufunguo wa hiyo stoo atakaa nao nani?