Mto Tana ukifurika tena: kaya ya kijijini ijiandae vipi kabla ya vuli?

Mwana wa Mtoni

Salamu kwenu nyote. Ninaishi na mama yangu mzazi, mke wangu na watoto wanne katika kijiji kilicho ukingoni mwa Mto Tana, upande wa Garsen. Mafuriko ya Novemba 2023 yalitutoa nyumbani usiku, na kabla hatujamaliza kukandika kuta upya, yale ya Aprili na Mei 2024 yakatutoa tena. Tulipoteza mahindi yaliyokuwa sakafuni, kuku wote na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Kinachonisumbua zaidi ni kwamba mara zote mbili mvua ya kijijini kwetu haikuwa ya kutisha, na kwa hiyo mama, ambaye amezaliwa na kuzeekea hapa, husema kuwa hatahama mpaka ayaone maji kwa macho yake. Akishayaona, huwa tumechelewa, kwa sababu hawezi kutembea haraka. Naomba kujua mambo mawili: nitatambuaje siku kadhaa mapema kwamba maji yanakuja, na kwa mtu asiye na fedha nyingi, maandalizi yaanzie wapi?

Msoma Vipimo

Ndugu, kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kusoma vipimo vya kina cha mto, na ninaweza kukuhakikishia kwamba ulichokiona ndiyo tabia ya Tana. Maji yanayokufurikia huko chini hayatoki katika mawingu ya Garsen. Hutoka kwenye miteremko ya Mlima Kenya na milima ya Nyandarua, yakapita katika mabwawa matano yanayofuatana, yaani Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Masinga, lililo juu kabisa na lenye nafasi kubwa kuliko mengine yote, ndilo linalozuia sehemu kubwa ya maji ya masika na vuli. Likishajaa, maji ya ziada hupita na kuteremka kutoka bwawa hadi bwawa, kisha yanafika Garissa, Hola na mwishowe kwenu. Safari hiyo huchukua siku kadhaa, kwa kuwa nchi ya huko chini ni tambarare na mto umejaa mizingo.

Kwa hiyo, anayekutazamia mvua si jicho la mama bali redio. Unaposikia KenGen, kampuni ya umeme inayoendesha mabwawa hayo, ikitangaza kwamba Masinga limejaa au linafurika, anza kuhesabu siku zako. Tafuta pia jamaa wa kuaminika huko Garissa au Madogo, mkubaliane kwamba akupigie simu kila mto unapopanda, kwa sababu maji yanayopita kwake leo ndiyo yatakayokuwa kwako baadaye. Nyumbani, simika kigingi imara ukingoni na ukitie alama tatu kwa rangi: ya kwanza ni ya kufunga mizigo, ya pili ni ya kuondoka kwa wazee na watoto, ya tatu ni ya kuondoka kwa kila aliyebaki. Alama hizo ziwekwe sasa, mto ukiwa umetulia, na mama awepo.

Ninaongeza tahadhari moja. Laga, yaani mikondo ya maji ya msimu, zinazoshuka kutoka upande wa Kitui hazipiti katika mabwawa hayo, na zinaweza kujaa kwa saa chache bila tangazo lolote. Kama njia yenu ya kutokea inavuka laga, msiingoje alama ya pili.

Muuguzi wa Zahanati

Ninakubaliana na aliyetangulia, ila ningependa tumfikirie mama kwa undani zaidi. Mzee akiwa anatumia dawa za shinikizo la damu au kisukari, dawa za wiki mbili pamoja na kadi yake ya kliniki ziwe zimefungwa daima katika mfuko wa plastiki usiopitisha maji, na humo humo viwekwe vyeti vya familia. Vipigeni picha vyeti hivyo na kumtumia ndugu aishiye mbali, kwa sababu simu nayo huzama. Mwanamke mjamzito aliyekaribia kujifungua aondoke kabla ya wote.

Mafuriko huchanganya maji ya vyoo na ya visima, na mnakumbuka kwamba mwezi wa Mei 2024 kipindupindu kiliripotiwa katika kaunti yetu. Kama fedha ni chache, ningezitumia kwanza kununua mitungi miwili ya maji yenye vifuniko na dawa ya kutibu maji, kisha chandarua, kwa maana maji yakishatuama mbu huongezeka. Mahindi yainuliwe kwenye uchaga ulio juu ya alama ambayo maji ya 2024 yaliiacha ukutani. Kazi hiyo inahitaji miti na kamba tu.

Mfugaji wa Nyanda

Mimi ni Muorma, na ng'ombe wetu hushuka mtoni kunywa maji kupitia malka, yaani njia za mifugo, zinazokatiza kati ya mashamba yenu. Maji yanapopanda, sisi huondoka na nyinyi huja juu, na sote hukutana kwenye vilima vile vile vichache. Baada ya mapigano ya mwaka wa 2012 kati yetu Waorma na Wapokomo, sitaki tena watu wakutane hapo wakiwa na njaa na hofu bila kuwa wamezungumza kwanza. Nakuomba uwaambie wazee wenu wakutane na wetu kabla ya Oktoba, wakubaliane ni kilima kipi kitakuwa cha kaya, mifugo isimame wapi, na malka ipi iachwe wazi. Mbuzi wako wachache ninaweza kuwachukua pamoja na wangu.

Mwana wa Mtoni

Nawashukuru kwa dhati. Nimemsomea mama majibu haya yote, na amekubali kuondoka kwenye alama ya pili, kwa sharti kwamba alama hiyo aichague mwenyewe. Jumamosi tutasimika kigingi. Ndugu Mfugaji, njia yetu ya kwenda kilimani huvuka laga mahali pawili. Je, iko njia nyingine ambayo mifugo yenu hupita laga zinapojaa?

Mfugaji wa Nyanda

Iko, lakini ni ndefu, na kwa mwendo wa mzee ni siku nzima. Njoo na wanao tuipite pamoja wakati huu ikiwa kavu, ili waizoee.