Tupeane uzoefu: msimu ambao timu yako ilitafuta mfungaji na hakupatikana

Msimbazi Damu
Wadau, jana nimekaa naangalia mechi nikaanza kuhesabu krosi. Kumi na nne. Zote zimekatiza mbele ya goli na kutokea upande wa pili, hakuna aliyeweka hata unyayo. Nikamkumbuka Kagere, mshambuliaji wetu wa zamani pale Simba. Enzi zile mpira ukiingia kwenye boksi ulikuwa unanyanyuka kwenye kiti kabla haujamfikia. Mabao 23 msimu wa 2018/19, uliofuata 22. Tukazoea, tukadhani akitoka huyu anaingia mwingine.
Hebu tupeane uzoefu. Timu yako, iwe ya ligi kuu au ya mtaani, ilipokosa mtu wa kumalizia, siku gani iliuma kuliko zote? Na anayejua mshambuliaji anapatikanaje aseme, maana mimi nimechoka kusubiri dirisha la usajili.

Nyuma ya Goli
Mkuu umenigusa pabaya. Mimi kidonda changu ni Tambwe, naye alikuwa mshambuliaji wetu Simba. Msimu wa 2013/14 katupia 19, mfungaji bora wa ligi. Desemba 2014 tukamwacha, watani zetu Yanga wakamchukua. Msimu wa 2015/16 akapiga 21 na jezi ya njano, mfungaji bora tena, na sisi wenyewe akatufunga mzunguko wa kwanza na wa pili. Siku ile ya Februari nilitoka uwanjani sijaongea na mtu. Tangu hapo nikisikia "mshambuliaji fulani kiwango kimeshuka, aachwe", tumbo linanikata.

Kijani Kibichi
Asanteni kwa zawadi, tuliipokea kwa mikono miwili.

Nyuma ya Goli
Unaona sasa. Mada inaongelea maumivu, utopolo wa Yanga anakuja kusherehekea.

Mwananchi Mtulivu
Kijani, muache mzee wa watu. Hata sisi tuna ya kwetu, na wewe unaijua.
Mshambuliaji wetu Mayele alipoondoka katikati ya 2023 kwenda Pyramids ya Misri, nilikuwa nawaambia watu "hakuna tatizo". Mtu katoka kufunga 17 kwenye ligi, katufikisha fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, mimi nasema hakuna tatizo! Halafu Novemba tukawafunga Simba zile tano kwa moja. Angalieni wafungaji wa siku ile: Musonda la kwanza, baada ya hapo Maxi mawili, Aziz Ki, Pacome. Manne kati ya matano yamefungwa na watu wanaotokea nyuma. Tukacheka, tukasema sisi hatuhitaji namba tisa, mshambuliaji wa kati.
Ikaja robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika na Mamelodi ya Afrika Kusini, 2024. Machi 30 uwanja wa Mkapa nilikuwepo. Uwanja umejaa, vijana wanacheza vizuri kabisa, mpira unafika hadi mita kumi na nane kisha unakosa mwenyewe. Kuna wakati mpira ulipita mbele ya goli taratibu, nikamwona mtu wetu anaukimbilia amechelewa hatua moja. Hatua moja tu. Jirani yangu, mtu mzima wa makamo ambaye hatukuwa tunajuana, akanishika mkono akasema kwa sauti ya chini, "Mayele alikuwa anakuwa hapo." Sikumjibu. Bila kwa bila.
Marudiano Pretoria, bila kwa bila tena. Kila mtu anakumbuka shuti la Aziz Ki, limegonga mwamba likadunda chini, refa akakataa. Hadi leo watu wanachora mistari kwenye picha kuonyesha kuwa lilivuka. Na mimi naamini lilivuka. Lakini dakika 180 tulitegemea shuti moja la kiungo kutoka mbali! Tukatoka kwa penalti, 3-2. Nilizima televisheni, nikakaa gizani, nikawa nayasikia yale maneno ya yule mzee.

Binti wa Wingi
Hili la "alikuwa anakuwa hapo" ndilo lenyewe.

Msimbazi Damu
Pole sana Mwananchi. Kwa mara ya kwanza namwonea huruma mtu wa Yanga. Sisi msimu huohuo, Januari, tukawaondoa washambuliaji wetu Baleke na Phiri kwa mpigo, wakaingia wawili wapya. Mwisho wa ligi tuko sawa na Azam, pointi 69 kwa 69, wakatupita kwa tofauti ya mabao. Ligi ya Mabingwa tukaikosa kwa mabao. Mabao, jamani!

Daftari
Ngoja niongeze kitu, nina tabia ya kuandika. Mfungaji bora 2023/24 ni Aziz Ki, 21. Anayemfuata ni Fei Toto, 19. Msimu wa 2024/25 ni Ahoua, 16. Wote viungo. Kabla ya hapo, 2022/23, Mayele alifungana na Saido, naye si namba tisa. Hadi msimu huo wa 2024/25, mshambuliaji halisi wa mwisho kuchukua tuzo peke yake ni Mpole wa Geita Gold, 17, msimu wa 2021/22. Kwa hiyo tusilaumiane Simba na Yanga, ni ligi nzima inayotafuta.

Kijani Kibichi
Daftari, hapo nakupinga. Mpira umebadilika. Mshambuliaji wa siku hizi kazi yake kuwavuta mabeki, kiungo aingie. Ukimhesabia mabao tu unamwonea.

Nyuma ya Goli
Akiwavuta mabeki hadi Juni bila bao na mimi nitavutwa na wazimu. Namba tisa anafunga. Mengine ni lugha za kocha anayejitetea.

Kijani Kibichi
Ndiyo maana mlimwacha Tambwe. Hamna subira. Dube alipokuja kwetu watu wakamsema miezi, kila mechi ya ligi anakosa. Desemba 2024 akawafunga Mashujaa matatu peke yake, tukashinda 3-2. Tungemtimua Novemba?

Binti wa Wingi
Kaka zangu, mmewahi kusimama pale wenyewe? Mimi nimecheza winga na baadaye mbele, timu ya wanawake, miaka minne. Msichoambiwa ni hiki: ukikosa la kwanza unakasirika, ukikosa la pili unaogopa, la tatu hata mpira huutaki. Unaanza kukimbilia sehemu ambazo unajua hautafika. Watu wanadhani unajituma, kumbe unajificha. Mimi nilijificha nusu msimu na kocha akanisifia kwa kukimbia.
Kilichonitoa ni mwenzangu mmoja, kiungo, aliyenifuata mazoezini akasema, "Dada, mimi nitakuwa nakupa mguuni, usikimbie popote." Mechi iliyofuata nikafunga kwa goti. Baya kabisa, lakini lilihesabiwa.

Daftari
Hilo goti nimeliandika.

Fundi wa Mtaa
Ushauri wa bure: mkamateni mfungaji na miaka kumi na tano, mfungeni mkataba, mfungieni ndani asionwe na klabu za Waarabu. Na kamati ya ufundi ipewe bajeti yake, msijifanye hamuielewi.

Mwananchi Mtulivu
Hayo ya kamati tuyaache, ndugu yangu. Hakuna hirizi inayowahi mpira kwenye nguzo ya pili.

Kocha wa Vumbi
Nimesoma hadi hapa nimeona niseme langu, sijawahi kulisema.
Nafundisha timu ya mtaa. Kuna mwaka tulifika nusu fainali ya ndondo, mashindano ya timu za mitaani. Mshambuliaji wetu mkubwa alivunjika kifundo robo fainali, akabaki dogo mmoja, miaka kumi na saba. Nilimwingiza dakika za mwisho akakosa nafasi tatu za wazi, tukapita kwa penalti. Baada ya mechi alikaa nyuma ya goli analia, jezi kaifunika usoni. Nikampita. Viongozi wakaniambia tutafute mamluki, mchezaji wa kukodi, nikakubali.
Mamluki akaletwa asubuhi ya mechi. Mrefu, mtulivu, anajua kazi. Tukamwandika kwa kadi ya kipa wetu wa akiba. Dakika ya ishirini kafunga, kabla ya mapumziko kaongeza. Mtaa mzima uko hewani. Kipindi cha pili akaenda kurusha mpira pembeni, kuna mtoto mdogo wa upande wa pili akamkazia macho, kisha akapiga kelele: "Si huyu aliyetuchezea sisi kwenye makundi? Kanyoa ndevu!"
Niliona rangi ya yule kijana inabadilika. Watu wakaingia uwanjani, refa akaondoka na mpira kwapani. Picha zikatolewa kwenye simu. Kweli, wiki tatu nyuma aliwachezea wao, kwa jina lingine. Na sisi hatukujua, kila mtaa ulidhani ni mamluki wa kwake peke yake. Tukafutiwa matokeo, tukafungiwa.

Fundi wa Mtaa
Kanyoa ndevu!!! Kocha, huyu ndiye mshambuliaji tunayemtafuta, yupo kila mahali kwa wakati.

Kijani Kibichi
Mtoto aliyemtambua asajiliwe kama skauti.

Msimbazi Damu
Mada imeisha hapa hahaha. Kocha, alikimbilia wapi? Pesa alirudisha?

Kocha wa Vumbi
Alipitia ukuta, sikumwona tena. Lakini jamani, kilichonifanya niandike si mamluki.

Binti wa Wingi
Mimi nasubiri habari ya dogo. Alikuwa benchi siku hiyo?

Kocha wa Vumbi
Alikuwa benchi, dada. Kavaa viatu, kafunga kamba, dakika zote hadi refa anaondoka. Hata jasho hakutoa. Msimu uliofuata hakuja mazoezini, nikasikia kahamia mtaa mwingine. Sikumfuata, nilikuwa na aibu.
Mwaka huu tumepangwa nao. Nikamtafuta kwa macho pale mbele, simwoni. Kumbe anacheza beki wa kati. Baada ya mechi nilimsalimia, akaniitikia vizuri tu, "Shikamoo kocha." Nikamuuliza mbona umerudi nyuma. Akasema, "Huku ukikosea, kuna kipa."