Nyumba za Kigamboni zitapanda bei kweli au tunadanganyana? Tujadili bila kurushiana madongo

Mleta mada:
Wakuu habari za jioni. Kuna kitu nataka tukijadili humu maana kila nikikigusa kijiweni naambiwa nina mkosi. Hivi ni kweli nyumba za pembezoni mwa Dar zinapanda bei kila mwaka kama tunavyoambizana, au kinachopanda ni ardhi tu halafu sisi tunajumlisha? Naongelea Kigamboni maana ndiko niliko, Kibada kwa ndani huko, ila nadhani watu wa Chanika, Goba, Kibaha na Mkuranga nao watajiona.

Nianze na yangu. Kiwanja nilinunua 2013, milioni 9, kimepimwa. 2014 nikaanza msingi, nikajenga kwa mtindo wetu ule ule, mkopo wa kazini kidogo, kikoba cha mke kidogo, bonasi ikitoka unapandisha kozi tatu unafunga saiti unasubiri tena mwaka. Tumehamia 2019 chumba kimoja hakina dari na jikoni tunapikia nje. Nina daftari la ujenzi, kila mfuko wa simenti na kila nondo imeandikwa humo mpaka soda za mafundi siku ya lenta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha. Ukijumlisha na kiwanja, fensi na kisima ni milioni 97. Vyumba vitatu, kimoja masta. Sasa kazi imenihamishia Dodoma nikasema niuze, nikaanza na 110. Wamekuja watu kumi na moja kuangalia. Ofa ya juu kabisa ni 72, na huyo mwenyewe anataka alipe kwa awamu tatu.

Sasa sikilizeni hii. Nyuma ya ukuta wangu kuna jirani ana kiwanja kitupu, majani na mpapai mmoja, ukubwa ule ule na alinunua mwaka mmoja na mimi. Amekiuza mwezi wa tatu, milioni 31, ndani ya wiki mbili tu. Maana yake kwenye ile ofa ya 72 ukitoa 31 ya ardhi nyumba yangu yote inahesabiwa milioni 41, na daftari linasema imekula 88. Nyasi zimepanda zaidi ya mara tatu, ukuta umeshuka nusu.

Msimamo wangu ni kwamba kwa miaka mingi ijayo nyumba iliyokamilika huku pembezoni haitarudisha gharama zake, na anayekwambia jenga uuze utatajirika aidha ni dalali au ana duka la vifaa vya ujenzi. Karibuni mnipinge.

Mkazi wa Mjimwema:
Pole mkuu ila haraka yako ndo inakuponza. Mimi huku ni wa tangu ule mradi wa viwanja 20,000 ulioanza 2002, Kibada, Gezaulole, Mwongozo, watu walikuwa wanatucheka wanasema mnaenda kuishi na nyani. Wakati huo njia ni kivuko tu, kikiharibika unalala Kariakoo kwa shemeji. Leo kuna daraja, lami, benki, shule za kila aina, wilaya inajitegemea. Mtu aliyenicheka juzi kaniomba nimtafutie kiwanja.

Na tusiongee kwa hisia, sensa zipo. Dar ilikuwa na watu 4,364,541 mwaka 2012, ikafika 5,383,728 mwaka 2022. Pwani kwa miaka hiyo hiyo kumi imetoka 1,098,668 ikafika 2,024,947, karibu imejizidisha mara mbili. Hao sio watoto waliozaliwa Rufiji wote, wengi ni watu waliosukumwa kutoka mjini kwenda Kibaha, Mkuranga, Bagamoyo. Sasa kama mtu anavuka mpaka wa mkoa kutafuta pa kulala, Kigamboni ambayo ukisimama ufukweni unaona Posta itakosaje kupanda?

Mleta mada:
Mzee wangu shikamoo. Hao watu walienda kununua nyumba au walienda kununua shamba wakapige tofali? Mimi sibishi kwamba watu wanakuja, nabisha wanakuja na nini mfukoni.

Na hili la habari njema kupandisha bei Kigamboni tumelila sana. 2008 tuliambiwa panajengwa mji mpya, watu wakazuiwa kujenga na kuendeleza, kata nzima nzima, Vijibweni, Mjimwema, Kibada, Somangila, mtu ana pagale anashindwa hata kuliezeka. Matajiri wakanunua wakisubiri fidia. Miaka ikapita, mji haukuja, na ule wakala wa kuuendeleza ukavunjwa. Halafu ukaja mradi wa Dege, nyumba 7,460, 2016 ukasimama, maghorofa yakabaki magofu popo wanazaliana. Waliolipia ardhi bei ya ndoto wapo kimya hawaandiki humu.

Dalali mstaafu:
Niwasaidie wote wawili maana nimeuza huku miaka 11 kabla magoti hayajagoma.

Mteja wa Kibongo hanunui nyumba yako, ananunua nafasi ya kujenga ya kwake. Akiingia anaangalia sebule anasema ndogo, anaangalia jiko anasema mke wangu hataki jiko la kupita sebuleni, anaangalia bati anasema hizi zimepitwa na wakati saivi ni msauzi, choo cha nje anauliza kwanini kiko upande wa kibla. Kila alichokipenda mwenye nyumba kwake ni kitu cha kuvunja. Kiwanja kitupu hakina kosa hata moja, hata mpapai anausifia.

Pili ni hela. Mwenye milioni 100 taslimu haji Kibada kwa ndani, anaenda Goba au Madale. Anayekuja Kibada ana 15 mkononi na mkopo wa kazini unaomtosha kiwanja na msingi. Kwahiyo mleta mada wewe unauza kitu cha mtu mwenye 100 kwenye soko la mtu mwenye 15. Ungekuwa umeishia lenta ungeuza 50 ungekuwa umeshalala Dodoma. Mapagale yanatoka chap kuliko nyumba, hii siri madalali hatuisemi kwasababu asilimia kumi ya nyumba ni tamu zaidi.

Mtu wa hesabu:
Dalali kagusa penyewe. Bei ya nyumba nchi nyingi inabebwa na mkopo wa nyumba, sisi hatuna. Yani upo kwenye karatasi. Riba za benki zetu kwa nyumba zimekuwa zikicheza 15 mpaka 19 kwa mwaka. Chukua milioni 60, miaka 15, riba 16, piga hesabu mwenyewe: marejesho ni kama laki 8 na elfu 80 kila mwezi, ukimaliza umelipa milioni 158 na ushee. Mtu anayeweza kukatwa laki 9 kwa mwezi ni wachache sana, na hao wachache benki inawataka walete nyumba yenye hati, wakati nyumba nyingi huku zina karatasi ya mauziano yenye muhuri wa serikali ya mtaa tu.

Upande wa kodi ya pango pia angalia. Nyumba ya 97 ukiipangisha laki 3 na nusu ni milioni 4.2 kwa mwaka, asilimia 4 na kidogo, kabla hujapaka rangi na kabla ya kodi ya zuio asilimia 10. Hatifungani ya serikali, yani unaikopesha serikali hela, ile ya miaka 25 ya 2021 ilikuwa inalipa kuponi, ndo riba yake, asilimia 15.95 kwa mwaka umekaa unakula karanga. Mleta mada milioni 88 zako za ukuta zingekuwa hata kwenye ile ya 2022 waliyoishusha mpaka 12.56 ungekuwa unapokea zaidi ya milioni 11 kila mwaka.

Mama wa Kisarawe II:
Mtu wa hesabu, hatifungani unalala ndani yake? Mvua ikinyesha unajikinga na kuponi? Mimi nimepanga miaka 14 Tandika na Yombo, mwenye nyumba anataka miezi sita kwa mkupuo, mtoto akirusha mpira ukutani unaitwa kikao. Nimejenga vyumba viwili na sebule, plasta ya nje bado, sijui nyumba yangu ina bei gani na sitaki kujua. Mnaongea kama sisi wote tumejenga tuje tuuze.

Mtu wa hesabu:
Dada yangu hapo umenishika, sina jibu. Ila mada ni bei.

Mpangaji bado:
Na mimi niulize swali ambalo hakuna aliyeuliza. Kwanini wote mnaomba ipande? Mimi nina miaka 29, nalipwa laki 6 na nusu, nilianza kutafuta kiwanja Kigamboni nikiwa na milioni 5 nikaambiwa nenda mbele kidogo, nikaenda mbele kidogo nikakusanya milioni 8 nikaambiwa nenda mbele kidogo, saivi nikienda mbele kidogo nitakuwa nimefika Kimbiji baharini kabisa. Na barabara ya Kibada kwenda Mwasonga hadi Kimbiji bei zilipanda lami haijafika, mtu anakuonyesha bikoni kwenye kichaka anakwambia hapa patakuwa mjini. Sasa pakiwa mjini mimi nakaa wapi? Mkazi wa Mjimwema mzee wangu wewe ulikatiwa kiwanja na mradi wa serikali kwa bei ya serikali, leo unanipongeza mimi kwa kupandishiwa?

Mkazi wa Mjimwema:
Mwanangu usinionee. Barabara tulichonga wenyewe kwa jembe na umeme tulichangia nguzo.

Fundi wa Mbagala:
Kitu kimoja mnasahau ni MUDA wa kufika kazini, kwangu mimi hiyo ndo bei yenyewe. Nimejenga Kibada, nimejenga Chamazi, nimejenga Chanika. Kigamboni walikuwa wanasema likija daraja bei itakuwa kama Mikocheni, daraja likafunguliwa Aprili 2016, mita 680 zuri kweli, bei ikaruka mwaka wa kwanza halafu watu wakakutana na tozo, nenda unalipa rudi unalipa. Mpaka 2022 ndo zikashushwa. Upande wa pili kwenye kivuko unavuka kwa 200 tu kwa mguu ila foleni ya magari asubuhi Mungu anajua. Mwenye akili anapiga hesabu ya nauli kwanza. Sisi wa Barabara ya Kilwa tuna njia ya mwendokasi, ndo maana chumba Mbagala kinapanda kodi wakati nyumba nzima Kibada inaomba mnunuzi.

Mleta mada:
Fundi umenikumbusha mteja wa nne. Alikuja na mkewe Jumamosi saa tano asubuhi, barabara nyeupe, wameipenda nyumba mpaka mama kaanza kupanga kochi litakaa wapi. Akafungua bomba la jikoni akaonja maji, akamwangalia mumewe. Ni chumvi, siwafichi, kisima cha huku karibu na bahari ni chumvi. Nikamwambia dada kuna maji ya bomba yanakuja, vile visima vya serikali vya Kigamboni vilizinduliwa Novemba 2022 wakati mjini kuna mgao mkali, na kwa wenzetu wa barabarani maji yanatoka. Akaniuliza kwako yanatoka? Nikakaa kimya. Yule mume muungwana sana, akasema ngoja tujaribu njia kwanza. Jumatatu akatoka kwangu makusudi saa 12 na nusu asubuhi apitie kivukoni, saa mbili kasoro kumi akanitumia picha bado anaangalia mgongo wa lori la mchanga. Hakuandika chochote. Picha tu.

Kwahiyo Mkazi wa Mjimwema, sensa yako ni kweli, ila kila mmoja kwenye hao watu ana bomba la kuonja na Jumatatu ya kujaribu.

Dalali mstaafu:
Mleta mada wewe ndo ulimruhusu ajaribu Jumatatu. Sisi nyumba za Kigamboni tulikuwa tunaonyesha Jumapili tu.

Mkazi wa Mjimwema:
Hahaha dalali Mungu anakuona. Lakini nirudi kwenye hoja. Mnazungumza kama maji yatabaki chumvi milele na foleni itabaki pale milele. Mikocheni nako kulikuwa na mapori, Mbezi Beach watu walikuwa wanapewa viwanja wanavikataa. Ardhi ya nchi hii ni ya umma, tunamilikishwa kwa hati ya miaka 33, 66, 99, na haiongezeki hata futi moja. Nyumba yangu mimi nikiiweka sokoni leo haipungui milioni 180, na miaka mitano ijayo ni 250. Andikeni.

Mtu wa hesabu:
Umepata ofa ya hiyo 180 au umeipa mwenyewe?

Mkazi wa Mjimwema:
Jirani yangu alitajiwa 170.

Mtu wa hesabu:
Akauza?

Mkazi wa Mjimwema:
Alikataa, ndogo.

Mpangaji bado:
Hapo ndo mnaniacha hoi wazee wangu. Bei ya Kigamboni wote mnaijua na hakuna hata mmoja aliyeipokea mkononi. Aliyepokea hela humu ni yule wa mpapai peke yake.

Mama wa Kisarawe II:
😂😂 Na mpapai ulikuwa na mapapai?

Mleta mada:
Ulikuwa nayo matatu, mnunuzi kayahesabu mbele yangu.

Haya wakuu nimesoma zote. Dalali kwenye lile la lenta umeniua kabisa, mke wangu nimemsomea kanuna mpaka saivi maana dari na vigae ndo vilikuwa kikoba chake. Siachi msimamo wangu: ardhi ya karibu na lami itapanda, nyumba haitafukuzia, labda siku mkopo wa nyumba uwe wa mshahara wa mwalimu. Nimeshusha mpaka 85. Chini ya hapo siuzi, kuna mwalimu kaja jana anataka kupanga kwa laki 3 na nusu, analipa miezi mitatu mitatu, maji ya chumvi kasema amekulia Tanga hayamtishi. Nitampa yeye, na 2030 narudi hapa na daftari langu lile lile. Mkazi wa Mjimwema na wewe uje na hiyo 250 yako uwe umeuza.

Mkazi wa Mjimwema:
Nani kakwambia mimi nauza?