Nyanya kwenye ndoo au ardhini? Zangu zinanyauka na majani bado mabichi

Uwani_Kwangu ameuliza:

Wakuu habari za saa hizi. Nina kipande cha ardhi nyuma ya nyumba, si kikubwa, na kila msimu nalima nyanya hapohapo. Safari hii miche imekua vizuri, imetoa maua, na mingine imeshafunga matunda ya ukubwa wa gololi. Ghafla mche mmoja ukaanza kulegea mchana, jioni unasimama tena, nikadhani ni jua tu. Siku chache baadaye hausimami kabisa, na majani bado ni ya kijani. Sasa umefuata wa jirani yake, na wa tatu nauona nao umeanza. Nimeongeza maji, wapi!

Jirani yangu anasema niachane na ardhi, nihamie kwenye ndoo. Ndoo ninazo, za lita 10 na chache za lita 20. Je, nyanya za kwenye ndoo zinazaa kweli, au ni pambo la barazani? Na udongo si nachota hapohapo? Maana ni mweusi, mzuri, unashika maji.

Jembe_Halilali:

Mkuu, baki ardhini. Ndoo ni kwa asiye na ardhi. Mizizi ya nyanya ikiachiwa inashuka zaidi ya nusu mita kutafuta maji yenyewe. Ukisafiri kidogo, unarudi unaikuta hai. Ya kwenye ndoo ikishakuwa kubwa, jua kali likiwaka unaweza kuinywesha asubuhi na jioni, na ukisahau siku moja unakuta imelala. Ongeza samadi, weka matandazo, zitapona.

Bi_Kitalu:

Jembe, kwenye maji umesema kweli, lakini hukusoma alichoandika. Mche unaonyauka na majani yake mabichi, na udongo wake una unyevu, hauombi maji wala samadi.

Uwani, mwanangu, kabla ya kugombanisha ndoo na ardhi tujue kwanza kinachoua. Chukua mche ulionyauka karibuni, usichukue uliokwisha kukauka. Kata shina karibu na ardhi, upate kipande cha urefu wa kidole. Jaza maji safi kwenye glasi ya kioo, kishikilie kipande hicho ncha yake iliyokatwa iguse maji, na mkono usitikisike. Subiri dakika chache ukiangalia dhidi ya mwanga. Ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka taratibu kutoka kwenye ncha, rudi uniambie. Usipouona, pasua shina kwa urefu utazame kama ndani kuna michirizi ya kahawia, halafu ng'oa mizizi uone kama ina vinundu. Uzi, michirizi na vinundu ni magonjwa matatu tofauti, na kila moja lina jibu lake.

Na huo udongo mweusi usiuguse kwanza.

Uwani_Kwangu:

Shikamoo bibi. Nimefanya. Uzi umeshuka, tena si mmoja. Maji yote yamekuwa na ukungu baada ya muda. Mizizi haina vinundu.

Bi_Kitalu:

Marahaba. Basi huo ni mnyauko wa bakteria. Hakuna dawa ya kunyunyizia itakayouponya mche ulioshikwa, mtu asikuuzie chupa. Bakteria hawa wanaingilia kwenye vidonda vya mizizi, wanajaa kwenye mishipa inayopandisha maji, wanaiziba. Maji yapo chini, njia ya kupanda haipo. Ukizidisha kumwagilia unawasafirisha tu hadi kwa mche unaofuata. Ng'oa iliyonyauka pamoja na mizizi yake na udongo ulioshikana nayo, ichome, usiitupe kwenye lundo la mboji. Jembe na soli za viatu zioshe kabla hujagusa mingine.

Sasa ndoo. Jirani yako amepatia, ila si kwa sababu ya mavuno. Ndoo haizai kuliko ardhi. Mche uleule ukipewa ardhi isiyo na ugonjwa, yenye kina, utabeba zaidi na kukusumbua kidogo. Faida ya ndoo kwako ni moja: unachagua udongo. Ukiijaza huo mweusi wa uwani, umehamisha ugonjwa na kuupa chumba chake.

Tafuta udongo ambao haujawahi kulimwa nyanya, bilinganya, pilipili, viazi mviringo wala tumbaku, maana hizo zote ni ukoo mmoja na zinaugua pamoja. Usitumie udongo mtupu hata ukiwa safi. Udongo unaosifika ardhini kwa kushika maji, ndani ya ndoo unakuwa tope, kisha tofali, na mizizi inakosa hewa. Mimi huchanganya sehemu sawa za udongo, mboji iliyoiva na kitu cha kulegeza, iwe mchanga wa mto au pumba za mpunga. Halafu nalowesha kidogo na kufinya konzi moja. Ikishikamana na nikiigusa kwa kidole inavunjika, tayari. Ikibaki donge, naongeza pumba.

Ndoo ya lita 20, mche mmoja. Najua utataka kupachika wa pili pembeni kwa sababu kwa sasa panaonekana pana nafasi. Usipachike. Za lita 10 ziwekee nyanya fupi za kichaka, zile zinazofikia kimo fulani zikaacha kurefuka, au za cheri zenye umbo dogo. Zile ndefu zinazopanda bila kukoma zitakumalizia maji ya lita 10 kabla ya saa sita.

Toboa matundu ya kutosha chini, na ndoo uikalishe juu ya mawe au matofali. Hili watu hulipuuza. Mizizi hupenya matundu na kuingia ardhini bila wewe kujua, na kwako ardhi hiyo ndiyo yenye ugonjwa. Maji yanayotiririka juu ya ardhi mvua ikinyesha nayo yanaweza kuwaingiza bakteria kwa chini.

Kama ndoo ni nyeusi, saa tisa alasiri weka kiganja upande unaopigwa na jua. Kama mkono wako hauvumilii, mizizi iliyobanana na ukuta huo nayo haivumilii. Ivishe gunia au ipake rangi nyeupe.

Kokoto_Kwanza:

Umesahau, bibi. Chini ya ndoo weka kokoto kiasi cha robo ili maji yashuke vizuri. Ndivyo sote tunavyofanya.

Bi_Kitalu:

Sikusahau, mwanangu, niliziacha makusudi. Maji yakishuka kwenye udongo laini hayakimbilii kwenye kokoto. Yanang'ang'ania udongo mpaka utakapolowa kabisa pale zinapokutana, ndipo yadondoke. Ukijaza robo ya ndoo kwa kokoto, ile sehemu yenye majimaji umeipandisha juu karibu na mizizi, na robo ya udongo umeipoteza. Matundu yanatosha. Kama udongo unadondoka, tandika kipande cha wavu au kitambaa chakavu.

Ngoja niseme la maji, maana ndilo linaloamua kama ndoo zitakulipa. Ukiacha ndoo ikauke sana, udongo unajikunja na kuachana na ukuta wa ndoo, unaona ufa mwembamba umezunguka. Hapo ukimimina maji yanapita ufani na kutoka chini, wewe unaridhika, kumbe katikati ni vumbi. Mwagilia kidogo, subiri unywe, rudia. Chomeka kidole mpaka kiungo cha pili kabla ya kuamua kama siku hiyo inahitaji.

Kukauka na kulowa, kukauka na kulowa, ndiko kunakoleta kitako cheusi kwenye tunda. Watu wanakimbilia kununua kalsiamu, lakini mara nyingi kwenye udongo imo. Imekosa maji ya kuipeleka kwenye tunda kwa wakati. Na kwa kuwa kila ukimwagilia mbolea kidogo inatoka na maji kwenye matundu, lisha kidogo kidogo na mara kwa mara. Ukizidisha ile ya kukuzia yenye nitrojeni utapata msitu wa majani na maua machache.

Ndoo haitakukinga na kantangaze, yule nondo ambaye viwavi wake hutoboa majani na matunda, wala inzi weupe. Hao wanaruka.

Uwani_Kwangu:

Nimeelewa, bibi. Sasa ardhi yangu je, ndiyo basi? Naweza kurudisha nyanya baada ya msimu mmoja?

Bi_Kitalu:

Msimu mmoja hautoshi, bakteria hawa wanakaa udongoni kwa miaka. Panda mahindi au maharage, na mnavu ukijiotea ung'oe, maana nao ni wa ukoo uleule na unawahifadhi. Kama maji yanatuama hapo, inua matuta.

Ukiwa na hamu ya kurudi mapema, kuna njia ya kubebesha: unaotesha bilinganya ya aina inayostahimili bakteria hawa, unaikata ingali mche mdogo, unabebesha nyanya juu yake. Kwenye udongo kunakuwa na mizizi ya bilinganya, juu unachuma nyanya. Ila tahadhari moja. Miche ya kawaida tunaizika shina mpaka karibu na majani, kwa sababu shina la nyanya hutoa mizizi popote linapogusa udongo, na kwenye ndoo zako fanya hivyohivyo. Uliobebeshwa usifanye. Kiungo kibaki juu ya udongo, wazi kabisa, na matandazo yasikifikie, la sivyo nyanya itashusha mizizi yake yenyewe na kuwafuata bakteria walipo.