Kuingiza dizeli na gesi Lubumbashi: nani anaruhusiwa?

Shikamooni wakubwa. Mimi bado mgeni hapa Lubumbashi, Kongo (DRC). Kaka yangu yuko Mbeya, ana malori mawili ya mafuta, anataka tununue dizeli Dar tuje tuiuze wenyewe. Na mitungi ya gesi pia, maana naona huku watu wanapikia makala tu, yaani mkaa. Kibali tunachukua wapi?

> Marahaba mdogo wangu. Mwambie kaka atulie kwanza. Kuagiza, kuhifadhi, kusafirisha na kuuza mafuta kunataka idhini ya serikali, ndivyo inavyosema sheria ya hidrokaboni namba 15/012 ya Agosti 2015, na idhini inatoka Kinshasa. Kabla ya hapo uwe na kampuni iliyosajiliwa huku: RCCM (usajili wa biashara), Id. Nat. (namba ya utambulisho ya kitaifa), namba ya kodi, namba ya mwagizaji. Mtungi wa gesi nao si kama kuleta vitenge.
>
> Halafu bei. Kwetu Tanzania tumezoea EWURA, wadhibiti wa nishati, watangaze bei kikomo Jumatano ya kwanza ya mwezi. Huku Wizara ya Uchumi ndiyo inapanga, kwa kanda. Sisi tuko kanda ya Kusini. Ukikwama wiki nzima foleni ya mpakani, hiyo ni hasara yako, pampuni bei ni ileile. Serikali huahidi kufidia pengo kati ya bei hiyo na gharama, lakini kusubiri fidia ni kazi ya kampuni kubwa.

> > Naongezea ya mpakani, ndiko ninakoshinda. Kasumbalesa, mpaka wa Kongo na Zambia, kuna DGDA wa forodha na OCC wanaokagua ubora, na FERI (fomu ya kielektroniki ya taarifa za mzigo unaoingia) iwe imeshatolewa mzigo haujafika. Upande wa kwetu, dizeli ya transit, inayopita tu kwenda nje, hutoka Dar bila kulipiwa kodi ya ndani, lori limefungwa lakiri ya TRA, mamlaka ya mapato. Atakayemwambia kaka "tushushe madumu mawili matatu Makambako" amkimbie, maana lori litataifishwa yeye akiwa amelala.
> >
> > Migodi inakunywa dizeli usiku na mchana, kwa hiyo kazi ya kubeba ipo. Abebe mzigo wa mwenye kibali kutoka Dar, alipwe nauli. Akitaka kuwa mkandarasi mdogo wa kampuni za huku ndani, sheria ya 2017 inataka Wakongo wawe na zaidi ya nusu ya hisa kwenye kampuni yake. Hapo atafute mbia, na ampate kwa mwanasheria, asimwokote baa.

Asanteni sana. Kaka anauliza: nauli analipwa kabla au akishashusha?

> > Nusu kabla ya lori kutoka Dar. Na mkataba utaje nani analipia siku za foleni.